Paa la Pango

Kila Machi manispaa hunituma huku juu
na kopo la rangi ya kijani na brashi mbili
niupake upya ukingo wa chuma.
Chumvi imeula tangu Machi ya mwaka jana.
Chumvi ya Galisia haijapata kuchelewa kazini.

Wageni hushuka garini, makoti yamejaa upepo,
wanasogea, wanachungulia, wanaona bahari,
na nyuma ya bahari, bahari.
Kisha huniuliza mimi, kwa kuwa nina sare:
"Pango liko wapi? Kibao kimesema pango."
Nawajibu: mmelikanyaga.

Hapo hutazama viatu vyao
kama mtu aliyekalia kofia ya mwenye nyumba.

Halionekani kutoka hapa. Ndivyo lilivyo.
Waliojenga roshani waliijenga utosini pake,
na nani ashawahi kukiona kisogo chake?

Lakini ngoja. Nyamaza. Vua kiatu kimoja.
Wimbi la saba, au la tisa, halina daftari,
huingia kule chini kwa bega
na jiwe likaguna.
Sikio halipati kitu. Unyayo ndio unaopata:
kinapanda, kinapita gotini, kinakaa kifuani
kama habari uliyoijua kabla hujaambiwa.

Erundina alilijua kwa ndani.
Miaka thelathini na mmoja alishuka kwa kamba, maji yakipwa,
kisu kifupi mkononi, akikwangua perseba mwambani,
vile vidude vyeusi vyenye shingo kama kidole gumba
ambavyo mjini huliwa harusini
na huku kwetu huliwa vikikosa mnunuzi.
Siku moja, akinywa kahawa yangu
kwenye kifuniko cha chupa, aliniambia:
"Mle ndani, Amaro, nyinyi wa juu hamuonekani.
Nasikia nyayo tu, tip, tip, tip,
najiuliza, hivi wanatazama nini?"

Nilicheka, rangi ikanidondokea suruali.
Doa lingalipo.

Magoti yake yalistaafu kabla yake.
Akahamia kwa bintiye, Lugo, mbali na maji,
ghorofa ya nne, dirisha linatazama dirisha.

Jumanne hii akaja. Mjukuu amemshika kiwiko,
fimbo ina mpira mpya mwishoni.
Akasimama pale wanaposimama wageni,
akachungulia, akanigeukia, uso mkavu kabisa:
"Bwana mwenye sare, pango liko wapi?"

Hakungoja nijibu. Aliinua fimbo
akaligonga jiwe mara tatu, taratibu,
kama mtu agongaye mlango wa chumba chake mwenyewe
kilichopangishwa wengine.

Bahari ilikuwa imekupwa. Hakukuguna kitu.

"Basi sasa nimejua mnachokitazama," akasema.
Nini?
"Wala hamna."
Akacheka mpaka akashika ukingo
nami nikapiga kelele, rangi mbichi! nimechelewa,
kiganja kizima kijani.

Alikitazama muda mrefu kuliko alivyoitazama bahari.

Leo nimemaliza upande wa kaskazini.
Pale aliposhika nimeparuka.
Nitarudi, nimemwambia msimamizi,
rangi imeniishia.