Kiraka Chini ya Kwapa

Gwaride la mji wetu huanza na juzi na kuishia na kale:
kwanza wapiga filimbi wenye suruali nyeusi,
halafu wenye mikuki, halafu mabibi wa ikulu,
na mwisho kabisa wapinda upinde
ambao hata vitabu vinawakisia tu.
Historia inatembea kinyumenyume, lakini kwa miguu,
na miguu inauma.

Nimeajiriwa nipige nguo, si watu.
"Nguo," alikazia Bwana Nagaoka wa makumbusho,
"pindo, nakshi, rangi. Sura zisikushughulishe."
Lakini nguo haijisimamii barabarani.
Ndani ya deraya ya ngozi na kamba nyekundu
yumo Kurosaki wa idara ya maji,
aliyekuja kwangu Jumanne kusoma mita.
Miwani kaificha kifuani, haoni kitu,
na farasi wake analijua hilo.
Shujaa wa karne zile
ananikonyeza upande ambao sipo.

Nyuma ya farasi, mzee na ufagio.
Kofia ya majani, viatu vya kamba, vyote vya kale;
ndoo ya kinyesi ni ya plastiki, ya kijani.
Hayumo kwenye orodha.
Nampiga mara mbili.

Ninachongojea ni joho la zambarau.
Mama alilishona upya mwaka ule mto ulipofurika
na maji yakapanda ghalani hadi rafu ya tatu.
Siku tisa alikaa nalo mapajani kama mgonjwa.
Kwapa la kushoto lilikuwa limeoza.
Uzi wa rangi ile hakuupata:
Sugimoto mtia rangi alishazikwa,
na chungu chake mjukuu kakipandia maua.
Basi akatia uzi uliokuwepo, umeelekea bluu.
"Mradi asiinue mkono," akasema, akakata kwa meno.

Miaka ishirini na miwili, hakuna aliyeinua.
Mabibi wa ikulu hawapungi.
Wanateleza.

Na sasa huyu hapa, Chinami wa duka la tofu,
tabaka kumi na mbili mabegani,
uso umepakwa mweupe, jasho limejichorea njia
kutoka kipajini hadi sikioni.
Filamu imebakiza picha moja.
Orodha inasema: *joho la zambarau, mbele, lote lionekane.*
Navuta pumzi. Nalenga pindo.

"Dada! Dada Chinami!"
Kitoto juu ya shingo ya baba yake,
kiatu kimoja mguuni, kingine sijui kiko wapi.
Naye, bibi wa ikulu, mke wa nani sijui wa enzi gani,
akanyanyua mkono wa kushoto, wote, mpaka juu,
akapunga kama anayezuia basi.

Mkono wa joho ukaporomoka.
Nikauona: bluu, mishono midogo midogo,
imebanana kama watu kwenye foleni ya mvua.
Kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

Picha ilipotoka: kiganja ni ukungu,
pindo limekatwa, soksi ya mtoto imeziba kona.
Kwapa tu ndilo limetulia, kila mshono unahesabika.
Bwana Nagaoka aliandika pembeni: *Haifai. Irudiwe mwakani.*

Alipokwenda kunywa chai niliifungua daftari.
Joho la zambarau, namba arobaini na moja.
Nikaongeza, kwa kalamu ya risasi:
*kiraka, kwapa la kushoto, uzi si wake.
Mshonaji: Tomiyo.*

Risasi hufutika, najua.
Niliikandamiza.