Mlango Ambao Sikuutia

Mvule ule niliuangusha mimi.
Nisisingizie upepo, wala barabara ya kwenda Ileho;
msumeno ulikuwa wangu, meno yake niliyanoa jioni ile,
na pesa ya kwanza ililipa karo ya Mmbone.
Ulitoa milango kumi na mmoja, vitanda viwili,
na meza ya kanisa pale Khayega.
Tundu niliiona siku ileile, juu ya tawi la tatu:
mdomo wake kama sufuria ya ugali wa watu wanne,
ndani unyoya mweusi, mbegu za kuyu, udongo mkavu.
Nikaipima kwa jicho la fundi:
ubao uliooza. Hasara.
Nikaendelea kukata.

Machi wakarudi, wawili.
Hondohondo utamsikia kabla hujamwona,
mbawa zake zinavuma kama mtu anayeranda ubao mrefu angani,
fyuu, fyuu, fyuu,
kisha kile kilio cha mbuzi aliyekabwa.
Wakazunguka pale palipokuwa na mvule.
Wakazunguka siku tatu.
Siku ya nne Khasoa akaacha kupepeta maharagwe,
akauliza bila kunitazama:
"Hao wanamtafuta nani?"

Mmbone alikuwa na daftari lake la kikundi cha msitu, Isecheno.
Akanisomea vipimo kama mwalimu wa imla:
kimo sentimita themanini, upana hamsini,
mbao nene za saipresi, rangi hapana,
"na ndani usipige msasa, Baba,
makucha yanataka pa kushika."
Mimi, niliyepigwa vibao miaka miwili na fundi Lusweti
mpaka nikajua kulainisha,
leo naambiwa niache mikwaruzo.

Hata hivyo nilishindwa kujizuia.
Tundu nikaizungushia fremu.
Nikatia kimlango, na bawaba mbili za shaba
zilizokuwa za Pasta Lijodi,
na mbele kijiti cha mgeni kutulia.
Mmbone alicheka hadi akakaa juu ya maranda.
"Kijiti ni cha tumbili, apandie akale mayai.
Na mlango atajenga mwenyewe."

Akanieleza. Jike huingia,
dume humletea udongo, donge kwa donge,
naye huziba tundu akiwa ndani
hadi ubaki ufa wa kupitisha ncha ya mdomo.
Humo hukaa miezi, yeye na yai na giza,
na dume huja na makuyu kooni,
anayatoa moja moja
kama mtu anayehesabu pesa alizozificha kwa mkewe.
Sijui kwa nini nilinyamaza kwa muda mrefu.
Kisha nikang'oa bawaba.

Imbwaga ndiye aliyepanda mkuyu wa mtoni, kamba begani;
sisi chini tulivuta, tukatukanana, tukavuta.
Jirani Shitsukane alipita na ng'ombe wake:
"Ndege kapewa bati jipya!
Na kwako jikoni beseni linakinga mvua."
Kweli tupu. Nikamwomba ashike kamba.

Mwaka wa kwanza waliingia nyuki.
Mwaka wa pili hakuingia mtu.
Mwaka wa tatu nilikuwa nimeacha kutazama juu,
maana shingo ya fundi ina kazi nyingine,
ndipo Khasoa akarudi kutoka mtoni bila maji,
mitungi miwili mitupu, akinivuta mkono.

Udongo.
Mweusi, mbichi, pande zote za tundu,
na katikati ufa mwembamba,
na ndani ya ufa kitu kilichosogea.
Khasoa, aliyekandika nyumba yetu kwa mikono yake
mara mbili kabla sijapata matofali,
alitazama kazi ile kama mtu wa kazi.
"Amekandika vizuri," akasema,
"kuliko wewe ulivyoranda."

Mlango wa Pasta bado haujaisha.
Akiuliza, mwambieni bawaba zimepotea.