Mizunguko Arobaini na Miwili

Babu Najdat hakuwahi kukaa meza moja na balozi,
lakini alifunga na kufungua urafiki wa nchi
kwa gurudumu la chuma, pana kama sinia la harusi,
kituoni, jangwani, mwendo wa siku nzima kutoka Kirkuk.
Mizunguko arobaini na miwili kufunga.
Arobaini na miwili kufungua.
Telegramu ilikuja na neno moja tu.
Hakuuliza. Alifuta mikono, akahesabu
kwa Kiturkmeni, kama baba yake alivyohesabu kondoo,
na mahali fulani, mbali, waziri mmoja akakosa usingizi
na mwingine akaagiza kahawa.

Bomba lilivuka mpaka bila pasi, bila picha, bila muhuri,
likapita chini ya viatu vya askari walewale
waliomrudisha shangazi Nermin
alipokwenda kumzika mumewe Halab.

Bibi aliomba mtoto wa kiume kwenye moto wa Baba Gurgur,
ule usiozimwa na mvua, unaojitokea wenyewe ardhini.
Wanawake wa Kirkuk wameuendea tangu zamani,
kabla mtu hajajua kuupigia hesabu.
Akapewa Ihsan.

Mwaka wa themanini na mbili jirani akafunga upande wake.
Redio yetu ikasema usaliti. Redio yao ikasema haki.
Babu akaweka sikio kwenye chuma.
"Kimya," hutusimulia, "kama mtu aliyekatwa kauli."
Gurudumu halikumhitaji tena.
Vita vilimhitaji mwanawe.

Ihsan alikuwa na miaka kumi na tisa na jino bovu.
Bibi alikuwa akidunduliza pesa za daktari.
Wakampeleka kusini, kwenye mabwawa ya matete,
kwenye visiwa viitwavyo Majnuni.
Sikubuni. Ramani ndivyo inavyosema, wazimu,
kwa herufi ndogo, na kando yake alama ya kisima.
Nyati wa majini walikimbia. Vijana hawakuruhusiwa.
Upande wa pili, ndani ya tope lilelile, hadi kiunoni,
alisimama mtoto wa Dezful. Namwita Behnam,
maana aliyezaliwa na mama hakosi jina.
Chini ya nyayo zao kitu cheusi kilikuwa kimelala
miaka mamilioni, hakijui Kiarabu wala Kiajemi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Walikuja, kwa kweli. Watu wa suti za kijivu,
wiki moja, miji mikuu yote miwili, mkoba uleule.
Walisema wanasikitishwa mno.
Masikitiko yao yalipanda bei ya pipa ilipopanda,
yakashuka iliposhuka.

Ihsan alirudi ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari.
Askari wakasema, lisifunguliwe.
Bibi akaenda jikoni, akarudi na patasi.
Alimjua kwa jino.

Januari hii nimepanga foleni ya mafuta ya taa
tangu alfajiri hadi adhuhuri,
jerikeni mguuni, kuponi mfukoni, upepo masikioni,
na nyuma yetu moto wa Baba Gurgur unawaka,
haudai kuponi, haumpashi mtu.
"Yametoka wapi?" nikamwuliza muuzaji.
"Ng'ambo," akasema,
wala hakuona haya, wala hakuona kichekesho.

Nyumbani, Babu alikataa nifungue mimi.
Ana miaka tisini, vidole havinyooki tena.
Akashika kizibo kwa mikono miwili, akaanza kuhesabu,
moja, mbili,
kizibo kikatoka kwenye tatu.
Akanitazama kama mtu aliyepunjwa.