Fremu ya Mninga

Mwajabu kanitumia picha saa nne usiku,
Mwajabu wa kwa Pongwa, pale Nianjema,
anayelea wazee wa watu huko Dublin.
Alikuwa anawahi zamu, dirisha la nyumba ya mnada likamsimamisha:
"Mjomba, hii fremu si yako?"

Nikavaa miwani. Nikaivuta picha kwa vidole viwili.
Kona ya chini, kushoto, pale mninga haukukutana vizuri
kwa kuwa umeme ulikatika, nikamalizia kwa msumeno wa mkono,
na pengo nikalijaza unga wa mbao na gundi.
Miaka kumi na tisa, halijafumbuka.
Ni yangu.

Ndani yake wanawake watano kwenye majaruba ya Nunge
wanakwangua chumvi, migongo imepinda kama mishikio ya vikapu,
na weupe ule Chausiku aliuchanganya kwa chokaa
baada ya rangi ya dukani kumwishia.
Karatasi ya mnada imeandika: Wachuma Pamba.
Imeandika: Afrika Mashariki.
Imeandika: Msanii hajulikani.

Hajulikani!
Chausiku Mwinyigoha,
ambaye hata mbuzi wa Dunda walimjua
kwa kutafuna brashi zake?

Yuro elfu tisa, kasema Mwajabu.
Nikapiga hesabu kwenye kipande cha plaiwudi,
sifuri zikafika ukingoni, zikakosa pa kukaa.
Bi Nuala, mwalimu wa kujitolea, aliinunua elfu sitini.
Fremu nilimtajia kumi na mbili. Akaomba nipunguze.
Nikapunguza mbili.
Sasa kafariki, wanawe wamegawana nyumba,
na visivyogawanyika vikapelekwa kwa dalali.

Dalali wao ana kinyundo kisichojua msumari:
kagonga meza mara moja, bei ikasimama.
Changu kiligonga misumari ishirini na minne
na hakikusimamisha kitu.

Lakini si pesa zilizoninyima usingizi.
Pesa nimezizoea, hupita upande wa pili wa barabara.
Ni nusu inchi.

Chausiku alitia sahihi chini, kulia, kwa rangi nyekundu,
jina zima, na mkia wa herufi ya mwisho
akauvuta kama mtu anayeburuta kanga.
Mimi nilipima kwa haraka, Bi Nuala alikuwa na ndege kesho yake.
Mdomo wa fremu ukala nusu inchi,
na nusu inchi ndiyo ilikuwa jina.
Nilimwonyesha. Akatazama, akasema,
"Liache. Mwenyewe ananijua."

Asubuhi nikamfuata Magomeni.
Yuko juu ya ngazi, anachora jino linalocheka
kwenye ukuta wa zahanati.
Nikamweleza yote, shingo imenikauka kwa kutazama juu.
Hakushuka.
"Elfu tisa?"
"Tisa."
Akachovya brashi, akalimalizia jino ufizi.
"Wameitundika wapi? Isipigwe na jua,
ile chokaa haitaki jua."
Halafu likamjia lile la pili:
"Pamba?" Akacheka mpaka ngazi ikayumba,
nikaishika kwa mikono miwili.
"Mama yangu yumo mle, wa tatu kutoka kushoto,
nyufa za miguu zilimtoka damu kwa ile pamba!"

Nimemwandikia Mwajabu aende tena, aulize.
Wamemjibu kwamba mnunuzi hataki kutajwa jina.
Basi ni wawili sasa:
mmoja kajificha mwenyewe,
mwingine nilimfunika mimi.

Nimemwandikia tena, aichapishe, awaachie mezani:

Ninyi mlio nayo, igeuzeni kifudifudi juu ya blanketi.
Toeni misumari ya ubao wa chini tu, iko sita.
Kwa koleo, si kwa bisibisi,
taratibu, mninga hupasuka ukilazimishwa.
Mkiona nyekundu, acheni hapo.