Kijiko na Upawa

Saa sita na robo usiku. Arua imezimika,
jenereta ya Drani ndiyo inayokohoa nyuma ya ukuta,
na petroli ni lita mbili, nimezipima kwa kijiti.

Mezani: mazishi ya Mama Ezaru,
saa tatu na dakika nane za picha.
Bintiye anataka diski moja, si mbili.
"Kaka akiinuka kubadilisha," alisema, "hatarudi kukaa."

Basi nimebonyeza: raundi mbili.

Raundi ya kwanza mashine haiandiki hata picha moja.
Inapita tu, kama mpishi anayechungulia uani
kuhesabu vichwa kabla hajashika chombo.
Inajiwekea daftari. Hapa kimya:
turubai, viti vya plastiki, padre anasoma,
fremu kwa fremu ni ile ile, mdomo tu umesogea.
Hapa ngoma. Vumbi. Vitenge vinaruka,
kila punje imehama mahali pake.
Hapa patakula.

Raundi ya pili ndiyo inayopakua.
Padre, kijiko. Vumbi, upawa.
Sinia ni lile lile.

Anayepita mara moja huku kapimiwa sinia
hugawa kwa kukisia:
hushibisha viti vya plastiki,
ngoma ikifika sufuria imekwaruzwa,
na waombolezaji wanageuka vibokisi vya rangi.

Sisemi ni lazima. Acidri, mdogo wangu,
hupita mara moja na hana kosa.
Chombo chake hakina kingo; huiambia mashine
"ubora uwe huu, ukubwa uwe wowote,"
akaenda kulala.
Penye nafasi tele tofauti huioni
hata ukibandika pua kwenye kioo.

Lakini diski ni moja.
Saa nane kasoro. Asilimia arobaini.

Kabla jeneza halijafungwa kuna dakika nzima
mkono wa mume umelala juu ya kitambaa cheupe,
hautikisiki.
Mashine ilipita hapo, ikaandika: hakuna kitu.
Ikampa kijiko.

Nilitaka kuigombeza. Nikasogea karibu.
Kucha, mshipa, uzi uliofumuka kwenye shati:
vyote vimo,
kwa kuwa havikwenda popote.

Jenereta inabadilisha sauti.
Natikisa dumu.