Leja ya Donahi

Mende wamekula pembe zake, jalada limebaki.
Ukiifungua inanuka mafuta mazito
kama kwapa la karakana ya Changamwe.
Fundi Donahi, Muailandi, alisahau kofia,
akasahau mwavuli, akasahau deni lake la mahamri;
leja hii hakuisahau. Alimwachia Baba.

Safu ya kwanza namba. Ya pili mwaka wa kuundwa.
Ya tatu kazi. Ya nne, kwa wino mwekundu,
neno ambalo Baba alilifasiri kwa penseli: *Kukatwa*.
Injini haifi, alisema. Hukatwa, kama mnazi.

Kurasa za mbele zote za kwao.
Namba saba: ng'ombe, viazi, na maaskofu.
Namba kumi na mbili: vita vilipokuja makaa hayakuja,
wakamlisha udongo wa kinamasi
uliokatwa matofali na kuanikwa kwa upepo.
Alitema cheche, akalala njiani,
abiria wakashuka kuokota kuni.

Na picha hii, ukurasa wa kumi na tisa:
basi lililovuliwa mipira likavishwa chuma,
lina uso upande mmoja tu. Likifika mwisho wa reli
watu huligeuza kwa mabega.
Baba alicheka hata spana ikamwanguka mguuni.
"Bwana, hili gari au bi harusi?"
Donahi hakucheka.
Usiku mmoja wa theluji, alisema, lilisimama
pasipo stesheni, mbele ya geti la shamba,
kwa kuwa dereva alijua mle ndani
mamake Donahi ana uchungu wa kujifungua.
Baba akalipa jina pale pale, kwa penseli: Msikivu.

Siku nyingine walibishana upana.
Reli kubwa za Donahi, futi tano na inchi tatu;
za milimani kwao, futi tatu kavu.
Zetu, mita. Baba, mfupi wa watu,
akalala kwenye njia ya pembeni kupima,
kisogo juu ya reli hii, magoti juu ya ile.
"Kwenu," akasema akitazama mbingu,
"ningetoshea mzima."

Kuanzia ukurasa wa thelathini na moja
mwandiko ni wa Baba, namba ni za hapa,
mijitu yenye majina ya milima.
Wino mwekundu hakuwa nao.
Alichovya kijiti katika hina ya Mama.
Sasa tarehe zote zina rangi ya kutu,
na ya mwisho ina ubeti pembeni
alioundika kwanza kwa chaki ubavuni mwa tangi:

*Ulipanda Mazerasi, mgongoni na saruji,*
*Ukihema kwa nafasi, kila kituo ni maji,*
*Leo waja na mikasi, mafundi wa uchinjaji,*
*Nami niliyekupaka, grisi, sina la kufanya.*

Asubuhi ilimkuta mkata vyuma kautazama ubeti,
kavua miwani, kaifuta, kaivaa,
kisha kawasha moto wake.

Mimi Mwanasiti, bintiye, karani wa vipuri mstaafu.
Stesheni ya zamani nyasi zinafika goti.
Juzi nilikwenda Miritini kwenye reli mpya,
nikainama ukingoni, nikatandaza leso yangu
kutoka chuma hadi chuma.
Ilizidi vidole vinne.
Askari akapuliza filimbi: "Mama! Unaanika nguo?"
Nikamwambia napima. Akauliza kwa ajili ya nani.

Nyumbani nimeandika: namba, mwaka, kazi.
Safu ya nne nimeiruka.
Nikarudi ukurasa wa kumi na tisa, kwa Msikivu.
Donahi hakuweka tarehe. Baba hakuuliza.
Hina iko kwenye bakuli, imeiva tangu alasiri.
Nimeifunika kwa sahani.