Utosini

Mchana napiga paspoti, Buguruni, ukuta wa bluu,
koti la kuazimisha linaning'inia msumarini.
Nyanyua kidevu. Usipepese. Tayari, elfu tano.
Usiku huu wa Januari umeme umekatika tangu saa tatu,
Tabata nzima imepulizwa kama kibatari,
nami nimepanda juu ya zege na kamera ileile,
kwenye nyumba ya Chambuso isiyofika ghorofa ya pili,
nondo zimesimama wima zikingoja pesa.
Nimelala chali kando ya simtanki,
maana Jabari, kwa sisi wa huku, hapiti pembeni:
anapita utosini kabisa,
ncha ya upanga juu ya paji la uso wangu.

Katikati ya upanga kuna kiwaa.
Kwa macho ni pumzi tu juu ya kioo,
alama ya kidole ambayo mtu kasahau kuifuta.
Nabonyeza, sekunde nane. Tena, sekunde nane.
Nikizidisha, dunia inazunguka, nyota zinakuwa michirizi
kama mteja aliyegeuka kumwita mwanawe.
Wingu likipita, nangoja. Mbu hawangoji.
Ndege inayotua Kipawa imekata fremu ya hamsini na mbili.
Unyevu umeingia kwenye lenzi, nafuta kwa pindo la kanga,
naanza upya, namwambia kiwaa: usipepese.

Picha moja peke yake haina kitu, giza na chengachenga.
Ni mambo ya michango haya, kadi ya harusi:
huyu kaleta elfu kumi, yule kaahidi, yule kaleta sura,
na mweka hazina anajumlisha mpaka ukumbi unapatikana.
Picha mia tatu na arobaini, kila moja na senti yake ya nuru,
nuru iliyoaga kwao miaka elfu moja na mia tatu huko nyuma
ikaja moja kwa moja, haikuuliza njia,
ikamfikia mdaiwa wa kodi ya miezi miwili.

Nakiri: niliomba umeme usirudi.

Ulirudi saa saba kasoro. Mtaa mzima ukapiga yowe,
friji zikaguna, baa ya jirani ikaendelea na wimbo
kutoka katikati ya neno,
na anga likafunga duka.
Nikatukana, peke yangu, taratibu.

Asubuhi Siwema wa chumba cha uani ametoka zamu,
viatu mkononi, kasimama nyuma ya kiti changu.
Kwenye kompyuta kiwaa kimefunguka:
wekundu wa ndani ya shavu, mbawa za moshi,
na katikati vinukta vinne, vimebanana.
"Nini hiyo, kidonda?"
"Nyota zinazaliwa humo."
"Hao wanne wana umri gani?"
"Miaka milioni, wanasema. Wengine hawajafika."
Akachekea puani. "Wangu ana saa tisa.
Alitanguliza kichwa saa nne na robo, giza totoro,
jenereta ya zahanati haina dizeli.
Simu nimeing'ata kwa meno, tochi inamulika,
mikono yote miwili iko kazini, udenda unanitiririka."
Akanionyesha simu. Alama za meno kwenye kava.

Saa nne na robo. Nikatafuta kwenye orodha:
fremu ya sitini na tatu. Kali, haina doa,
anga jeusi kuliko zote.

Sikumwambia nilichoomba.

Akainama, kidole karibu kiguse kioo.
"Nani anawapokea?"
"Hakuna. Gesi na vumbi vinajikunja, basi."
"Na mama?"
"Ndiyo hilo vumbi. Wakishawaka wanalipuliza,
kidogo kidogo, mpaka linakwisha."
"Mh," akasema. "Pole yake."

Akaenda kuoga. Nikasikia maji, kisha kata ikigonga ndoo.
Fremu ya ndege nimeitoa, na zile za wingu.
Ile ya sitini na tatu
nimeiweka, nikaitoa, nikairudisha.